Mbu anayekuuma amezaliwa karibu nawe: tenga siku moja kwa wiki kumzuia

Mvua ndefu za Machi hadi Mei zinapoanza, na tena mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, ombi kutoka mitaani huwa ni lile lile: leteni gari la kupuliza dawa, mbu wametuzidi. Ombi hilo linaeleweka. Mzazi ambaye mtoto wake ameamka na uso uliojaa alama za kuumwa hataki hotuba, anataka mbu waondoke leo.

Hata hivyo, gari la kupuliza dawa peke yake haliwezi kumaliza mbu wa Kangemi, wa Kilimani wala wa katikati ya jiji. Makala haya yanaeleza sababu. Pia yanaeleza kazi ambayo kila nyumba, ploti na jengo linaweza kufanya kwa muda wa nusu saa kila wiki, kwa gharama ndogo, na ambayo hakuna mtu mwingine anayeweza kukufanyia.

Wiki moja ndani ya maji

Mbu hupitia hatua nne maishani: yai, kiluwiluwi, pupa, kisha mbu kamili mwenye mabawa. Hatua tatu za mwanzo zote hutegemea maji. Jike akishapata damu anatafuta maji yaliyotulia na kutaga mayai mengi kwa mara moja, mara nyingi zaidi ya 100. Mayai yanaanguliwa, viluwiluwi vinakula uchafu mdogo mdogo ulio majini, vinageuka pupa, na baadaye mbu anaibuka na kuruka.

Kukiwa na joto, safari hiyo yote huchukua kati ya siku 7 na 14. Katika baridi ya Julai hapa Nairobi inaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Hapo ndipo lilipo tumaini letu. Maji yakimwagwa na chombo kikasuguliwa kila baada ya siku 7, viluwiluwi hufa kabla ya kuota mabawa.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe leo jioni. Chukua kikombe cheupe na tochi, uchote maji kutoka kwa pipa lililokaa wazi nje ya nyumba. Ukiona vitu kama nyuzi fupi vinavyojikunja na kujikunjua, vinavyopanda juu kuvuta hewa na kuzama vikiguswa na kivuli cha mkono wako, hivyo ni viluwiluwi vya mbu. Mbu wengi hawasafiri mbali na mahali walipozaliwa ikiwa chakula na maji viko karibu. Hao uliowaona kikombeni wiki ijayo watakuwa chumbani kwako au kwa jirani yako.

Mbu watatu, maji matatu

Watu wengi huamini kwamba mbu wote hutoka kwenye mto au kwenye nyasi. Nyasi ndefu na vichaka huwapa mbu wazima mahali pa kupumzika mchana, lakini hawazaliwi humo. Maji ya mto yanayokwenda kasi nayo hayawafai. Kwenye mito yetu, kama Kirichwa Kubwa, Kirichwa Ndogo na mto Nairobi wenyewe, mbu huzaliwa kwenye madimbwi ya kandokando na mahali ambapo taka zimeziba maji yakasimama.

Ni vyema kuwajua mbu wa aina tatu, kwa sababu kila mmoja ana maji anayoyapenda.

Wa kwanza ni Culex. Huyu ndiye anayewasumbua wengi wetu usiku kwa mlio wake sikioni. Anapenda maji machafu: mitaro iliyoziba, mashimo ya vyoo, matangi ya maji taka yenye mifuniko iliyopasuka. Huyu haenezi malaria. Akijaa nyumbani kwako, jua kuna maji taka yaliyosimama karibu.

Wa pili ni Aedes, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo neti ya kitandani haimzuii vya kutosha. Anapenda maji yaliyo ndani ya vyombo: mapipa, matairi, mikebe, visahani vya maua. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yarudi. Ndiyo maana kumwaga maji pekee hakutoshi. Lazima chombo kisuguliwe kwa brashi. Aedes ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, magonjwa ambayo wenzetu wa Mombasa wameyaona zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni. Watafiti wamempata mbu huyu hapa Nairobi pia.

Wa tatu ni Anopheles, anayeeneza malaria. Huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Kwa kawaida anapenda maji yasiyo na uchafu mwingi, yaliyo wazi na yanayopigwa na jua: madimbwi ya mvua, mashimo yaliyochimbwa mawe au udongo, alama za magurudumu ya lori barabarani.

Je, Nairobi ina malaria?

Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya magharibi kama Dagoretti iko juu zaidi. Baridi ya usiku huchelewesha au kuzuia kabisa vimelea vya malaria kukomaa ndani ya mwili wa mbu. Kwa hiyo Nairobi imewekwa katika maeneo ya nchi yenye hatari ndogo. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulipata vimelea kwa takriban asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika kaunti zinazozunguka Ziwa Victoria, ilhali katika maeneo ya hatari ndogo walikuwa chini ya asilimia 1.

Hata hivyo, kuna mambo matatu ambayo hayaturuhusu kulala usingizi.

Kwanza ni historia. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli kwenye ardhi ya majimaji, na jina lenyewe linatokana na maneno ya Kimaasai yanayohusu maji baridi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mji huu ulipata milipuko ya malaria. Vinamasi vilikaushwa na mitaro ikachimbwa, na ugonjwa ukapungua. Mitaro hiyo ikizibwa na taka na majengo, maji yanarudi pale pale yalipokuwa.

Pili ni safari. Maelfu ya wakazi wa jiji husafiri kwenda Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, Kwale au Kilifi wakati wa Pasaka, Agosti na Krismasi. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Kileleshwa au Kawangware hana kinga ambayo binamu yake wa Siaya amejijengea kwa kuugua mara kwa mara. Akiumwa na mbu mwenye vimelea anaweza kuzidiwa haraka sana. Tutalirudia jambo hili mwishoni kwa sababu ndilo linaloua.

Tatu ni mbu mgeni. Mwaka 2023 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ilitangaza kwamba mbu aina ya Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni Asia ya kusini na Uarabuni, amepatikana katika kaunti ya Marsabit, maeneo ya Laisamis na Saku. Tofauti na Anopheles wetu wa kawaida, huyu anastawi mijini na huzaliwa ndani ya matangi, mapipa na visima. Nchini Djibouti alionekana mwaka 2012, wakati nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria kwa mwaka. Kufikia mwaka 2020 wagonjwa walikuwa zaidi ya 70,000, na kuenea kwa mbu huyu kunatajwa kuwa miongoni mwa sababu kuu. Baridi yetu inatusaidia, lakini jiji lililojaa mapipa ya maji yasiyofunikwa ni jiji linalomwandalia mgeni huyo kitanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa nini moshi wa dawa hautoshi

Moshi wa dawa unaopulizwa mitaani huua mbu wazima wanaoruka wakati huo na walioguswa na dawa. Haufiki ndani ya pipa lililo nyuma ya nyumba, haufiki kwenye shimo la choo, na haudhuru mayai yaliyogandama kwenye ukuta wa chombo. Kwa hiyo siku chache baadaye kundi jipya linaibuka na mkazi anauliza kama dawa ilikuwa maji matupu.

Kupuliza dawa kuna mahali pake, hasa panapotokea mlipuko wa ugonjwa kama dengi na watu wazima wa jamii ya mbu wanatakiwa kupunguzwa haraka. Kuitumia ovyo kila mvua inaponyesha kuna hasara mbili. Mbu huzoea dawa na kuacha kufa. Pia wadudu wenye faida, kama nyuki, hufa pamoja nao.

Ziko dawa za kutia majini zinazoua viluwiluwi, baadhi zikitengenezwa kutokana na bakteria wasiodhuru binadamu wala mifugo. Hizo hutumiwa kwenye maji ambayo hayawezi kumwagwa wala kufunikwa, na zinahitaji ushauri wa afisa wa afya ya umma. Tafadhali usimwage oili chafu ya gari kwenye mtaro au dimbwi ukidhani unaua mbu. Oili hiyo huishia mtoni, na chini yetu wako watu wanaotumia maji hayo kumwagilia mboga tunazonunua sokoni.

Mtaa kwa mtaa

Tatizo halifanani kila mahali, na suluhisho pia halifanani.

Katikati ya jiji hakuna nyasi nyingi wala mapipa ya nje, lakini mbu wapo. Angalia paa tambarare za majengo ya zamani ambapo maji ya mvua husimama kwa sababu bomba la kuyatoa limezibwa na majani na karatasi. Angalia matangi ya juu yasiyo na mifuniko, ghorofa za chini ya ardhi zenye maji yaliyovuja, na vichochoro vya nyuma ambako mifereji imejaa taka za mikahawa. Hii ni kazi ya wasimamizi wa majengo, na inahitaji mtu kupanda paani angalau mara moja kwa wiki wakati wa mvua.

Kilimani, Kileleshwa, Lavington, Parklands na Westlands zimejaa mijengo. Shimo la msingi lililochimbwa na kuachwa, shimo la lifti lililojaa maji, mapipa ya kuchanganyia saruji, na maji yanayoachwa juu ya zege ili ikomae vizuri: vyote hivyo ni mahali pazuri mno kwa mbu iwapo vitakaa zaidi ya wiki. Mwanakandarasi anapaswa kuyatoa maji ya mashimo kwa pampu na kufunika mapipa kila jioni. Wakazi wa jirani wana haki ya kuuliza.

Kangemi, Kawangware, Gatina, Riruta na Waithaka zina shida mbili za pamoja: maji ya mgao na vyoo vya shimo. Tangu mgao wa maji uliporatibiwa jijini mwaka 2017, baada ya maji ya bwawa la Ndakaini kupungua, familia nyingi zimelazimika kuhifadhi maji ya siku kadhaa kwa mitungi, ndoo na mapipa. Hakuna anayeweza kumwambia mama wa ploti asihifadhi maji. Tunachoomba ni kifuniko. Mtungi wenye kizibo hauna shida. Pipa lisilo na kifuniko linaweza kufungwa kwa kitambaa kizito au wavu mwembamba uliokazwa kwa mpira uliokatwa kutoka kwa tyubu ya baiskeli. Kitambaa kisilegee katikati, la sivyo maji ya mvua yatasimama juu yake na utakuwa umemjengea mbu bwawa lingine.

Karen na sehemu za Kitisuru na Mountain View zina viwanja vikubwa, mabwawa ya samaki, vidimbwi vya kuogelea visivyotumika, na matangi ya maji taka ya kila nyumba. Samaki wadogo kwenye bwawa la bustani hula viluwiluwi. Kidimbwi kisichotumika kimwagwe au kitiwe dawa ya maji ipasavyo. Bomba la kutolea hewa la tangi la maji taka lifungwe wavu juu. Wauza miche walio kando ya barabara nao wakumbuke visahani vya maua na mikebe mitupu.

Funzo kutoka Makunduchi na Malindi

Mwaka 1988 katika mji wa Makunduchi, Unguja, watafiti na wakazi walijaribu jambo rahisi. Walimwaga kwenye vyoo vya shimo vyenye maji punje nyepesi za polistireni, plastiki nyeupe ya aina inayotumika kufungia televisheni mpya ndani ya boksi. Punje zilielea na kufunika uso wa maji yote. Mbu jike akakosa pa kutaga, na viluwiluwi vikakosa hewa. Wakati huo huo wakazi walipewa dawa ya matende. Idadi ya mara ambazo mtu aliumwa na mbu wa Culex ilipungua kwa zaidi ya asilimia 90, na hali hiyo ikadumu kwa muda mrefu kwa sababu punje haziozi.

Huku kwetu Kenya, mjini Malindi, wakazi waliunda kundi la Punguza Mbu na Malaria Malindi na kushirikiana na watafiti, wakiwemo wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, chenye makao yake makuu Kasarani hapa Nairobi. Kazi yao kubwa haikuwa ya maabara. Walipita mitaani, wakatambua maji yanayozaa mbu, wakayaondoa au kuyatibu, na kuwafundisha majirani.

Miji yote miwili inatufundisha jambo moja. Mbu alipungua pale watu walipojua anazaliwa wapi na wakaenda hapo pamoja. Ukifunika pipa lako na jirani akaacha tairi tatu zilizojaa maji, mtaumwa nyote wawili.

Sheria inasemaje

Kumzuia mbu ni wajibu wa kisheria pia. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921, ina sehemu nzima kuhusu kuzuia na kuangamiza mbu. Inawataka wenye majengo na wanaoyakalia wasiache chupa, mikebe na vyombo vinavyoshika maji, wafunike visima na matangi, na wazibe mashimo ya maji taka yasiingiwe na mbu. Afisa wa afya akikuta viluwiluwi kwenye maji ya ploti yako, kuwepo kwavyo peke yake kunaweza kuhesabiwa kuwa kosa.

Katiba ya 2010 nayo imezipa kaunti jukumu la uzoaji wa taka na la mifereji ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Kwa hiyo kazi imegawanyika. Mtaro wa barabara ya mtaa uliozibwa, taka zisizozolewa na mfereji uliobomoka ni mambo ya kuripoti kwa afisa wa afya ya umma au ofisi ya wadi yako. Pipa, paa, choo na tangi ni kazi ya mwenye nyumba na mpangaji. Wapangaji wakubaliane na keateka ni nani anayefanya nini, ili kazi isiachwe kati ya watu wawili.

Nusu saa ya Jumamosi

Chagua siku moja ya wiki, isiyobadilika. Wengi watapendelea Jumamosi asubuhi. Zunguka nyumba au ploti pamoja na watoto, maana wao huona vitu vidogo kabla yetu, na ufanye yafuatayo:

1. Mwaga maji yote yasiyohitajika kwenye ndoo, mikebe, makarai, visahani vya maua na vyombo vya kunyweshea kuku na mbwa.
2. Sugua kwa brashi kuta za ndani za kila chombo kabla ya kujaza maji mapya.
3. Funika mapipa, matangi na mitungi barabara. Tundu la kidole linamtosha mbu.
4. Ondoa matairi ya zamani, au yatoboe, au yahifadhi chini ya paa.
5. Toa majani kwenye mifereji ya paa na taka kwenye mtaro ulio mbele ya lango lako.
6. Kagua mfuniko wa tangi la maji taka na bomba lake la hewa.
7. Jaza udongo kwenye mashimo na alama za magurudumu zinazoshika maji.
8. Kata nyasi na vichaka vilivyo karibu na madirisha.

Ndani ya nyumba, weka wavu kwenye madirisha ukiweza, na ulale ndani ya neti iliyotiwa dawa, hasa watoto wadogo na akina mama wajawazito. Ukisafiri kwenda maeneo ya malaria, beba neti yako. Ukitumia dawa ya mbu ya kuchoma, usiiwashe kwenye chumba kilichofungwa chenye mtoto.

Homa baada ya safari

Tumalizie pale tulipoahidi. Dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa, na wakati mwingine hata baadaye. Maana yake ni kwamba familia inaweza kurudi Nairobi kutoka mashambani ikiwa na afya njema, shule zikafunguliwa, na wiki ya pili mtoto akaanza kupata joto, kutetemeka, kutapika au kuumwa na kichwa. Kwa kuwa tuko Nairobi, mzazi hudhani ni mafua au homa ya matumbo, akanunua dawa dukani na kungoja. Siku mbili za kungoja zinaweza kuwa nyingi mno kwa mtoto asiye na kinga.

Mtu yeyote mwenye homa aliyesafiri katika wiki chache zilizopita apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe mlikosafiri na mliporudi. Omba kipimo cha malaria. Damu ya tone moja kwenye kidole inatosha, na jibu hutoka kwa muda usiozidi nusu saa. Malaria ikigunduliwa mapema inatibika.

Mpaka wakati huo, pipa lililo nje ya mlango wako linakungoja. Angalia kama lina kifuniko.